Kuipandisha tovuti ya biashara ndogo Google: ramani, mikono yako, mtaalamu au tangazo?

Tovuti ipo, inafunguka, umeshailipia. Lakini mteja akiandika Google kile unachokiuza, wanaotokea ni wengine. Ukiuliza, ushauri unakuja wa kila namna. Huyu anakwambia jisajili kwenye ramani, yule anasema andika kurasa zaidi, wa tatu anataka umlipe kila mwezi akufanyie kazi, wa nne anasema lipia tangazo usikie simu zikiita. Wote wana hoja. Kinachotofautisha ni mteja wako: yuko wapi, anatafuta kwa maneno gani, na wewe unamhitaji lini.

Kabla ya kuchagua lolote, fanya jaribio moja. Fungua Google, andika *site:* na mara moja, bila kuacha nafasi, andika anwani ya tovuti yako. Utaona kurasa zako ambazo Google imeziorodhesha. Usipoona hata moja, tatizo lako bado si nafasi, ni kwamba hujaorodheshwa kabisa. Kwa tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu maarufu ya kujengea tovuti, sababu mara nyingi ni ndogo: ndani ya mipangilio, sehemu ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za kutafutia zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati anajenga, kisha anakabidhi kazi bila kukiondoa. Ukikuta alama hapo, itoe, hifadhi, usubiri. Unaweza kuwa umeokoa fedha ambazo ungemlipa mtu miezi sita.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: gharama ya fedha taslimu, muda hadi uone mabadiliko, kazi inayobaki mikononi mwako, kinachobaki siku ukiacha, na hatari yake. Mwishoni mwa kila moja nimesema inamfaa nani.

1. Wasifu wa biashara kwenye Google

Huu ni ule ubao unaotokea na ramani, nyota, saa za kufungua na kitufe cha kupiga simu. Zamani uliitwa Google My Business. Tangu mwishoni mwa 2021 jina ni Google Business Profile.

*Gharama.* Bure. Mtu akikupigia akidai ada ya kukusajili au kukuthibitisha kwa niaba ya Google, kata simu.

*Muda.* Kusajili ni kazi ya jioni moja, kuthibitishwa ndiko kunakochelewesha. Wengi siku hizi huombwa video moja isiyokatwa: inaanzia nje ionekane barabara au majirani, inapita kwenye bango, inaingia ndani kwenye vifaa vya kazi, na inaonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka pale, kwa mfano ukifungua mlango kwa ufunguo wako. Google inatoa makadirio ya hadi siku 5 za kazi kuikagua. Ukikubaliwa, mtu anayetafuta jina la biashara yako ataanza kukuona mapema. Kutokea kwa anayeandika “fundi fenicha karibu nami” huchukua muda zaidi, na Google yenyewe inataja mambo matatu inayoyaangalia: unahusiana kiasi gani na alichotafuta, uko umbali gani naye, na biashara yako inajulikana kiasi gani. La umbali huliwezi. Jijini Dar es Salaam, duka la Mbagala ni vigumu kulitangulia la Mwenge kwa mtu aliyesimama Mwenge.

*Kazi.* Chagua aina kuu ya biashara kwa usahihi, weka saa za kweli (na uzibadilishe sikukuu), picha zako mwenyewe, na alama ya ramani mahali penyewe. Hili la alama wengi wanalipuuza. Keko, ambako karakana za fenicha zimebanana mlango kwa mlango, alama ikikaa hatua chache pembeni mteja anaingia kwa jirani na hutajua kwamba alikuwa anakuja kwako. Kwa Tanzania, tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina jina la barabara na namba kwenye jengo. Tumia hiyo. S.L.P. haikubaliki kama anwani ya biashara hapa.

*Kinachobaki.* Maoni ya wateja na nyota hubaki, na hayo ndiyo mtaji. Lakini uwanja ni wa Google. Kuna wafanyabiashara waliokuwa wanategemea tovuti ndogo ya bure iliyotolewa pamoja na wasifu. Machi 2024 Google ilizizima zote. Wasifu uende pamoja na tovuti yako, usichukue nafasi yake.

*Hatari.* Ya kwanza ni kujaza maneno kwenye jina. Kama bango lako linasema “Amani Fenicha”, usijiandike “Amani Fenicha Bei Nafuu Vitanda Sofa Dar”. Hilo linavunja kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa. Ya pili ni maoni ya kununua, au kumpa mteja punguzo ili aandike vizuri. Google inakataza yote mawili. Njia halali ni rahisi: ukishamfikishia mteja kitanda na amekiona kimesimama chumbani, mtumie WhatsApp kiungo cha kuandika maoni. Watumie wote, si wale tu unaojua wamefurahi.

*Inamfaa* yeyote ambaye mteja humfuata dukani au yeye humfuata mteja: saluni, gereji, zahanati, mgahawa, fundi bomba. Anayehama kwenda kwa wateja anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia. Anayeuza mtandaoni tu, bila kukutana na mteja ana kwa ana, kwa kanuni za Google hastahili kuwa na wasifu huu, kwa hiyo asonge mbele.

2. Kuirekebisha tovuti mwenyewe

*Gharama.* Karibu bure kwa fedha. Google Search Console, chombo kinachokuonyesha watu walitafuta nini wakaiona tovuti yako, hakilipiwi. Cheti cha usalama kinachoifanya anwani ianze na https hupatikana bure pia kupitia Let’s Encrypt, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukiweka kwa kubofya mara moja.

*Kazi.* Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ndipo tovuti nyingi ndogo zinapopotezea wateja.

Anza na kichwa cha ukurasa, yale maandishi ya rangi ya bluu anayoyaona mtu kwenye matokeo. Tovuti nyingi zimeachwa na kichwa “Nyumbani” au “Karibu”. Google haiwezi kujua unauza nini kutokana na “Nyumbani”, wala mteja hana sababu ya kubofya. Linganisha na “Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6 – Keko, Dar es Salaam”. Bidhaa ipo, vipimo vipo, mahali papo. Kila ukurasa uwe na kichwa chake, usinakili kimoja kwa kurasa zote.

Pili, tumia maneno ya mteja. Karakana inaandika “queen size bed” kwa sababu aliyeijenga tovuti alinakili mfano wa nje, wakati mteja wa Tabata anaandika “bei ya kitanda 5 kwa 6”. Maneno hayo huhitaji kuyabuni. Fungua WhatsApp ya biashara, usome maswali ya wateja kama walivyoyaandika, kisha kila swali linalojirudia lipe ukurasa au aya. Bei iwepo. Ukiogopa kuiandika kamili, weka ya kuanzia. Ukurasa unaosema “wasiliana nasi kwa bei” haujibu alichokitafuta mtu, na anarudi Google kutafuta anayejibu.

Kuhusu lugha, kurasa za Kiswahili kwenye mtandao ni chache mno ukilinganisha na za Kiingereza, na kwa mteja wa nyumbani hiyo ni nafasi. Kama una wateja wa pande mbili, tengeneza ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza, kila mmoja na anwani yake, vilevile mwambie fundi aziunganishe kwa alama za *hreflang* ili Google ijue upi umpe nani. Kitufe kinachotafsiri hapohapo kwenye kivinjari hakikusaidii; maneno hayo hayapo kwenye ukurasa Google inapoupitia.

Tatu, simu. Google huorodhesha tovuti kwa kuangalia toleo la simu. Mabadiliko hayo yalitangazwa 2016 na kukamilishwa Oktoba 2023. Kisichokuwemo kwenye toleo la simu ni kama hakipo. Fungua tovuti yako kwa simu ya kawaida, kwa bando, si kwa WiFi ya ofisini. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Kinachochelewesha kwa kawaida ni picha iliyotoka kamera moja kwa moja, megabaiti tano kila moja, mara sita kwenye ukurasa mmoja. Zipunguze hadi kilobaiti mia na kitu kabla ya kuzipandisha na mteja hataona tofauti kwa macho.

Yapo ya kuacha pia. Kile kisehemu cha kuorodhesha maneno muhimu kilichofichwa ndani ya ukurasa, Google ilishasema tangu 2009 haikitumii katika kupanga matokeo. Mtu akikutoza kwa kazi hiyo, anakutoza kwa hewa.

*Muda.* Miezi. Kubadilisha vichwa kunaweza kuonekana ndani ya siku au wiki, Google ikipita tena. Kupanda kwenye maneno yenye ushindani ni kwa subira.

*Kinachobaki.* Karibu kila kitu. Ukurasa mzuri ulioandika mwaka huu unaendelea kuleta watu mwakani bila kulipiwa tena.

*Hatari.* Ndogo, isipokuwa moja: kubadilisha anwani za kurasa bila kuelekeza za zamani kwenye mpya. Hapo unapoteza nafasi uliyokwisha kuipata. Usiguse anwani inayoleta watu bila sababu.

*Inamfaa* mwenye saa chache kila wiki na anayeijua biashara yake kwa undani. Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro ni mfano mzuri. Mgeni aliyeko Ujerumani hatatafuta “utalii karibu nami”. Atauliza tofauti ya njia ya Machame ya siku 6 na ya siku 7, au kama njia ya Lemosho inamfaa asiyewahi kupanda mlima. Anayejua kueleza kwa nini siku moja ya ziada humsaidia mtu kuizoea hewa nyepesi kabla ya kuelekea mita 5,895 ni yule aliyeongoza watu huko. Maarifa hayo mwandishi wa kulipwa kwa maneno hana.

3. Kumlipa mtaalamu wa SEO (kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya Google)

*Gharama.* Kubwa kuliko mbili za kwanza, na kwa kawaida ni ya kila mwezi. Kuna njia ya kati isiyotangazwa sana: mlipe mara moja akukague tovuti na kukupa orodha ya marekebisho kwa mpangilio wa umuhimu, kisha wewe na fundi wako mtekeleze. Kwa biashara ndogo naona huo ndio mwanzo wa busara.

*Muda.* Ushauri uliotolewa na Google kwa wanaotaka kuajiri ulitaja miezi minne hadi mwaka mmoja, kuanzia kufanya maboresho hadi kuona faida. Anayeahidi wiki mbili anakuuzia kitu kingine.

*Kazi.* Inapungua, haiishi. Yeye hajui bei zako, hajui kwa nini mteja hurudisha sofa. Usipompa habari, ataandika makala ambazo biashara yoyote ingeweza kuziweka.

*Kinachobaki.* Kinategemea mkataba. Domeini, yaani anwani ya tovuti yako, iwe imesajiliwa kwa jina lako, na kwenye Search Console wewe uwe mmiliki, yeye umpe ruhusa tu. Siku mkiachana, unaondoa ruhusa yake na kazi inabaki kwako. Wapo waliokuta kila kitu kimeandikwa kwa jina la aliyewajengea, na kurudisha mikononi mwao ikawa kesi.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote nne, ukimpata asiye mwaminifu. Google tangu mwanzo, 1998, ilihesabu viungo kutoka tovuti nyingine kama aina ya kura, na biashara ya kuuza viungo ikazaliwa hapo. Aprili 2012 ilileta mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, na tovuti nyingi zilizopandishwa kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Machi 2024 ikaongeza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kushika nafasi, ziwe zimeandikwa na mtu au programu. Adhabu inakaa kwenye tovuti yako, aliyeisababisha ameshalipwa.

Kwa hiyo muulize: utabadilisha nini kwenye tovuti mwezi wa kwanza? Viungo utavipata wapi, na nitaonyeshwa orodha? Nitaona ripoti ya Search Console yenyewe au picha uliyoikata? Na akitamka “nakuhakikishia namba moja”, mshukuru na umalize mazungumzo. Google inasema wazi hakuna awezaye kuhakikisha hilo.

*Inamfaa* mwenye tovuti inayoleta fedha tayari, kurasa nyingi, na ushindani wa wazi: hoteli ndogo, kampuni ya safari, duka la mtandaoni lenye bidhaa mia kadhaa. Pia anayehamisha tovuti kwenda kwenye domeini mpya, kwa kuwa kosa hapo ni ghali.

4. Matangazo ya kulipia ya Google

Kiukweli hii haipandishi nafasi yako. Google inasema kulipia matangazo hakuathiri matokeo ya kawaida. Nimeiweka kwa sababu mtu mwenye haraka huilinganisha na hizo tatu, na ana haki ya kulinganisha.

*Gharama.* Unalipa mtu akibofya, na bei ya mbofyo hupangwa kwa mnada. Unaweka bajeti ya siku. Ukiweka Sh 10,000, siku moja inaweza kutumia hadi Sh 20,000, lakini kwa mwezi haitazidi bajeti hiyo mara 30.4, yaani Sh 304,000. Kuijua hesabu hiyo mapema kunaondoa mshtuko wa siku ya kwanza.

*Muda.* Tangazo likishapitishwa, linaanza kuonekana. Hakuna njia nyingine yenye haraka hiyo.

*Kazi.* Kila wiki ukague maneno yaliyoleta mibofyo. Mwenye karakana atakuta analipia watu walioandika “ajira za useremala” au “picha za makochi”. Maneno hayo yaweke kwenye orodha ya kukataliwa. Kagua pia mpangilio wa mahali. Ukiuacha ulivyokuja, tangazo la Dar linaweza kuonyeshwa kwa mtu aliyeko mbali aliyeonyesha tu kuvutiwa na Dar. Chagua waliopo Dar au wanaofika huko mara kwa mara. Kwa kampuni ya safari ni kinyume: wageni wako wako nje, chagua nchi zao.

*Kinachobaki.* Siku fedha inakatika, tangazo linatoka. Linaloweza kubaki ni elimu: umejua maneno yapi huleta anayenunua kweli. Hayo ukiyaandikia kurasa, utakuwa unaifanya njia ya pili ukiwa na ushahidi.

*Hatari.* Kupeleka watu kwenye tovuti nzito isiyo na bei wala namba ya simu inayobofyeka. Unalipia kila anayeingia na kutoka.

*Inamfaa* mwenye msimu mfupi au bidhaa yenye faida ya kutosha kubeba gharama ya mibofyo.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Una duka, saluni au gereji na wateja ni wa jirani: anza na wasifu, umalize kila sehemu yake, kisha urekebishe vichwa vya kurasa. Kwa sasa huna haja ya mtaalamu wa kila mwezi.

Unauza sare za shule na shule zinafunguliwa Januari, leo ni Desemba: tangazo, kwa maneno machache yenye jina la mji wako. Kazi ya kurasa ianze Februari, pilikapilika zikitulia, ili Desemba ijayo usilipie kila mbofyo.

Unaongoza wageni mlimani au mbugani na wateja wako nje ya nchi: kurasa zako mwenyewe ndizo nguzo, kwa lugha wanayotafutia. Wasifu uuweke pia, kwani mgeni huusoma kujua wenzake walisemaje. Ukishaona kurasa zinaleta maulizo lakini zimekwama ukurasa wa pili wa matokeo, hapo mlipe mtaalamu ukaguzi wa mara moja.

Unauza kwa mtandao tu, bila duka: wasifu haukuhusu. Gawanya bajeti, sehemu kubwa ya muda kwenye kurasa za bidhaa, fedha kidogo kwenye tangazo la bidhaa mbili zinazotoka zaidi.

Huna muda kabisa lakini una fedha: mtaalamu, kwa mkataba wa miezi sita wenye kazi zilizoandikwa, domeini kwa jina lako, na mtu mmoja ofisini kwako aliyepewa jukumu la kumjibu maswali.

Huna fedha wala muda wa kutosha: wasifu wiki hii, vichwa vya kurasa wiki ijayo, kisha ukurasa mmoja kila mwezi unaojibu swali moja la wateja. Baada ya miezi mitatu fungua Search Console, sehemu ya utendaji, uangalie ni maneno gani yameanza kukuleta, na ukurasa unaofuata uandike kwa kufuata hayo.